Ninaomba ushauri: Jeep Grand Cherokee ya mwaka 2014, jina kubwa na malalamiko mengi

Baba Neema (Columbus, Ohio)

Habari zenu nyote. Ninaishi Columbus na familia yangu, na gari dogo tulilokuwa tukilitumia limetushinda, hasa majira ya theluji ninapotoka kazini usiku wa manane na barabara bado hazijasafishwa. Kuna yadi moja hapa mjini inayouza Jeep Grand Cherokee ya mwaka 2014, injini ya V6 ya lita 3.6, inayovuta kwa magurudumu yote manne, ikiwa imetembea maili 118,000. Nimelikagua kwa macho, viti vyake vya ngozi bado ni vizima, na bei yake iko chini kiasi cha kunitia shaka nikiilinganisha na Toyota Highlander za umri huohuo.

Shemeji yangu anashikilia kwamba Jeep ni gari la vita, lililovuka jangwa na matope katika Vita Kuu ya Pili, na kwamba haliwezi kushindwa na lami ya Ohio. Mimi nami kila ninaposoma maoni ya wamiliki ninakutana na malalamiko ya umeme, ya gia na ya injini kugonga, hadi najiuliza ni nani anayeendelea kuyanunua magari haya. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: je, historia ya chapa hii inaniambia lolote kuhusu gari lililoko pale yadi, na malalamiko haya niyapime kwa kipimo gani? Tafadhali tusijibizane kwa ushabiki.

Mzee wa Kumbukumbu

Ndugu Baba Neema, shemeji yako hajasema uongo, ila anazungumzia gari jingine kabisa. Julai 1940 jeshi la Marekani liliwaandikia watengenezaji 135 likitaka gari dogo la upelelezi, na likatoa siku 49 tu za kuwasilisha gari la kwanza la mfano. Kampuni ya American Bantam ya Butler, Pennsylvania, ambayo wakati huo ilikuwa hoi kifedha, ilimwita mhandisi Karl Probst, na tarehe 23 Septemba gari lao likafikishwa katika kambi ya Holabird, Maryland. Jeshi lilipoona kwamba Bantam haina uwezo wa kuyatengeneza kwa wingi, liliwafungulia Ford na Willys-Overland michoro yake, na Willys, ambayo makao yake yalikuwa Toledo hapohapo jimboni kwenu, ikapata zabuni kubwa kwa msaada wa injini yake ya nguvu za farasi 60 iliyowaacha wenzake mbali. Hadi vita vinakwisha, Willys na Ford walikuwa wameunda magari zaidi ya 600,000. Willys ilijitangaza kuwa ndiyo iliyolibuni, mpaka Tume ya Shirikisho ya Biashara ikaifungulia shauri mwaka 1943 na kuiamuru mwaka 1948 iache kudai hivyo. Bantam yenyewe ilimaliza vita ikitengeneza matela, nami kila nikisoma matangazo ya chapa hii huwakumbuka hao kwanza.

Baada ya vita jina hilo lilipita mikono mingi: Kaiser mwaka 1953, American Motors (AMC) mwaka 1970, Chrysler mwaka 1987, Daimler, wenye Mercedes-Benz, mwaka 1998, wawekezaji wa Cerberus mwaka 2007, kisha kufilisika mwaka 2009 na kuingia kwa Fiat, na tangu 2021 liko chini ya Stellantis. Kila mmiliki alikuja na wahandisi wake, watu wake wa kumletea vipuri na namna yake ya kubana matumizi, kwa hiyo anayesema "Jeep ni imara" au "Jeep ni mbovu" bila kutaja mwaka hajasema kitu. Ile sifa ya kudumu ambayo watu wa rika langu wanaikumbuka ni ya injini ya AMC ya lita 4.0, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, iliyotengenezwa kuanzia 1986 hadi 2006. Hata hiyo nayo ilikuwa na doa lake, kwani silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) za mwaka 2000 na 2001 zilijulikana kwa kupasuka.

Gari unalolitazama limeundwa katika kiwanda cha Jefferson North, Detroit, juu ya umbo lililoanza kusanifiwa enzi za Daimler na lenye undugu na Mercedes-Benz ML. Injini yake ya Pentastar ilianza kufungwa mwaka 2010, na giaboksi yake ya gia nane imebuniwa na kampuni ya ZF ya Ujerumani. Na lile gari la vita halishirikiani nalo hata nati moja.

Fundi Spana

Mzee amemaliza upande wake, mimi nitashika spana. Malalamiko ya Grand Cherokee ya kizazi cha gari lako hayafanani kwa miaka yote, na hapo ndipo wasomaji wengi wanapochanganya mambo.

Magari ya 2011 hadi 2013 yana makubwa mawili. La kwanza ni silinda hedi ya upande wa kushoto ya Pentastar, ambayo valvu zake ziliharibika hadi silinda moja ikaanza kukosa moto na injini ikatetemeka. Chrysler yenyewe iliongeza dhamana ya sehemu hiyo hadi miaka 10 au maili 150,000, na kampuni haifungui mkoba hivyo kwa tatizo la kuzushwa. La pili ni kisanduku cha umeme kiitwacho TIPM, kinachogawa umeme kwa karibu kila kitu kilicho chini ya boneti. Relei (swichi ya umeme) ya pampu ya mafuta imo ndani yake, na ikiharibika gari hugoma kuwaka au huzimika likiwa njiani. Mwaka 2014 magari ya 2011 zaidi ya 180,000 hapa Marekani yaliitwa yarudishwe ili yafungiwe relei ya nje. Ukisoma malalamiko ya aina hiyo, tazama kwanza yanahusu gari la mwaka gani.

La mwaka 2014 lina habari yake, nayo ni mkono wa gia. Ukiusukuma mbele au ukiuvuta nyuma, ukiuachia unarudi katikati wenyewe, kwa hiyo mkono hauwezi kukuambia gari liko kwenye gia gani. Lazima uitazame herufi iliyowaka. Madereva walidhani wameshaweka P (ya kuegesha), wakafungua mlango na kushuka injini ikinguruma, kumbe gari liko R (ya kurudi nyuma), likaanza kutembea. Aprili 2016 magari milioni 1.1 duniani yaliitwa kwa ajili hiyo, yakiwemo Grand Cherokee za 2014 na 2015, na Juni mwaka huohuo mwigizaji Anton Yelchin alifariki nyumbani kwake Los Angeles baada ya kubanwa na Grand Cherokee yake ya 2015. Marekebisho yake ni ya programu: gari linajiweka P lenyewe pale dereva anapotaka kushuka bila kuweka. Usilinunue gari hilo kabla hujathibitisha kwamba kazi hiyo ilifanyika. Yapo pia marekebisho ya programu ya redio ya mwaka 2015, baada ya watafiti Charlie Miller na Chris Valasek kuonyesha kwamba Jeep Cherokee inaweza kuingiliwa kupitia mtandao wa simu. Magari milioni 1.4 yalihusika, yakiwemo Grand Cherokee za mwaka wako zenye skrini kubwa.

Kuhusu injini, mambo mawili. Iwashe ikiwa baridi na usikilize kama kuna mlio wa kugonga haraka-haraka juu ya injini usioisha hata oili inapopanda, kwa sababu roka za Pentastar (vikono vinavyofungua valvu) na roleri zake zinajulikana kwa kulika. Kisha mulika tochi katikati ya pande mbili za V, chini ya manifoldi (mirija inayoingiza hewa kwenye injini). Pale pamekaa nyumba ya chujio la oili, nayo ni ya plastiki. Ikipasuka kwa joto, oili hutuama katika bonde lile na kuteremka nyuma ya injini hadi chini kwenye giaboksi. Fundi mwenye haraka atakuambia sili ya nyuma ya krenki imekwisha, na atakushushia giaboksi bila sababu.

Kama gari lina springi za hewa, liache lilale usiku kucha mahali tambarare, asubuhi utazame kama kona moja imeshuka. Kwa matumizi yako ningetafuta lenye springi za kawaida, kwani mfumo wa hewa ukichoka gharama yake haina huruma.

Mama Zuhura (Minneapolis)

Mimi ninaliendesha gari la kizazi hicho katika baridi ya Minnesota na sina manung'uniko nalo, lakini sitaki uzito wa ushauri wangu utokane na bahati yangu. Ninachotaka kusema ni kuhusu kusoma malalamiko yenyewe. Yale yanayopelekwa kwa wakala wa serikali wa usalama barabarani, NHTSA, huandikwa na wamiliki wenyewe na huwekwa hadharani bila kuhakikiwa moja baada ya jingine. Yanafaa kuonyesha tatizo linalojirudia, ila hesabu yake tupu inadanganya, kwa sababu chapa inayouza sana italalamikiwa sana, na mwaka 2018 Jeep iliuza magari zaidi ya 900,000 hapa Marekani. Jarida la Consumer Reports nalo huwauliza wanachama wake, na kampuni ya utafiti ya J.D. Power huhesabu matatizo kwa kila magari 100, ambapo simu inayokataa kuungana na redio ni tatizo kama lilivyo tatizo la giaboksi.

Pamoja na hayo, chapa hii imekaa sehemu za chini katika tafiti zote mbili kwa miaka mingi, na halikuwa suala la redio peke yake, kwa hiyo haitoshi kusema watu wanaionea. Kinachonikera zaidi si kuharibika, maana kila chombo huharibika. Ni namna kampuni ilivyokuwa ikijibu. Mwaka 2013 NHTSA iliiomba Chrysler iyaite magari milioni 2.7, Grand Cherokee za 1993 hadi 2004 na Liberty za 2002 hadi 2007, kwa sababu tangi la mafuta lilikaa nyuma kabisa na liliweza kushika moto gari likigongwa. Chrysler ilikataa kwanza, kisha ikakubali idadi pungufu, na tiba yake ikawa kufunga chuma cha kuvutia tela nyuma ya gari ili kikinge tangi. Julai 2015 kampuni ikakubali adhabu ya dola milioni 105 kwa jinsi ilivyoendesha kazi za kuwaita wateja katika magari ya aina mbalimbali. Barua zilichelewa na vipuri havikuwepo. Ndiyo maana gari lililotumika la miaka ile linaweza kuwa limebadilisha wamiliki bila yeyote kupeleka marekebisho yake.

Dereva wa Dallas

Nunua Toyota, mada ifungwe.

Mama Zuhura (Minneapolis)

Kaka, huo ni ushauri mwepesi kwa asiyelipa. Ameshasema tofauti ya bei ndiyo iliyomleta hapa, na hata Toyota ilikubali makubaliano makubwa mwaka 2016 juu ya fremu za pikapu zake za Tacoma na Tundra zilizoliwa na kutu. Chumvi ya barabarani Ohio haibagui. Mkaguzi aliangalie na chini pia.

Binti Mlalo (Cleveland)

Ninawasaidia wahamiaji wapya kusoma mikataba, na ninaona nyote mmeiruka karatasi. Sheria ya shirikisho inamtaka mfanyabiashara wa magari yaliyotumika abandike kwenye kioo mwongozo wa mnunuzi, na hapo ndipo palipoandikwa kama gari linauzwa na dhamana au linauzwa lilivyo. Likiuzwa lilivyo, ubovu ukijitokeza kesho yake ni wako, hata kama muuzaji alikuapia kwa mdomo. Sheria ya Ohio inayowalinda wanunuzi wa magari yenye kasoro inahusu gari jipya katika mwaka wake wa kwanza au maili 18,000 za mwanzo, kwa hiyo haitakufikia. Tena hakuna sheria ya shirikisho inayomkataza muuzaji wa gari lililotumika kuliuza likiwa na mwito (agizo la kurudishwa kurekebishwa) ambao haujafanyiwa kazi. Nimekaa na familia iliyouziwa gari la namna hiyo na yadi ambayo sitaitaja, na walipopeleka lawama walionyeshwa sahihi yao wenyewe.

Lakini kuna upande unaokusaidia. Chukua namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17, iliyo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, uiingize katika tovuti ya NHTSA. Utaona kila mwito wa usalama ambao haujafanyiwa kazi, na matengenezo hayo hufanywa bure na wakala rasmi wa Jeep, hata kama wewe ni mmiliki wa nne.

Baba Neema (Columbus, Ohio)

Ninawashukuru sana. Namba ya chasi nimeiingiza, na mwito wa mkono wa gia hauonekani tena katika orodha ya yaliyobaki, ila kuna mmoja mwingine ulio wazi. Gari lina springi za kawaida. Bango la kioo linasema linauzwa lilivyo. Kuna jambo moja limenisumbua: nimefika pale zaidi ya mara moja, na kila nikifika ninakuta injini imeshawashwa na ina joto, muuzaji akisema ameniandalia ili nisikae kwenye baridi. Na swali la nyongeza: tukirudi Mombasa, naweza kuondoka nalo?

Fundi Spana

Mombasa lisahau. Gari la hapa lina usukani wa kushoto, ambao Kenya kwa kawaida haiusajili, na magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini hayatakiwi kuzidi umri wa miaka 8. La 2014 limeshapita.

Kuhusu ukarimu wa muuzaji, mwambie kwa heshima kwamba utakuja saa ya kufungua yadi na fundi wako, na kwamba boneti mtaigusa kwanza kuhakikisha ni baridi kabla ya mtu yeyote kuwasha. Fundi aje na mashine ya kusoma hitilafu, kwa sababu itaonyesha pia kama kumbukumbu ya kompyuta imefutwa siku za karibuni, jambo ambalo hufanywa ili taa ya injini isionekane kwenye dashibodi. Ule mwito uliobaki mtake muuzaji alipeleke gari kwa wakala kabla hujalipa, na akuletee karatasi ya kazi iliyofanyika. Akikubali yote hayo na injini ikawa kimya ikiwa baridi, jadili bei ukiwa na makadirio ya fundi mkononi. Akikataa hata moja, zipo Grand Cherokee nyingine nyingi za umri huo kati ya Columbus na Toledo.