Gurudumu la nyuma haliingii vizuri kwenye fremu: nipanue fremu, nitoe washa kwenye habu au nivike habu nyingine?

mtu_wa_nzuguni
Wakuu habari za jioni, naomba ushauri. Baiskeli yangu ni mtumba ya gia, ringi 26, ndiyo nabebea madumu ya maji na siku ya mnada inabeba gunia. Habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma imekufa nikanunua gurudumu zima used pale Majengo, sasa kuvika halitaki, ukilazimisha linaingia ila tairi linaegemea kushoto linasugua fremu. Fundi mmoja anasema tupanue fremu kwa jeki, mwingine atoe washa (pete ya chuma kwenye ekseli) ya habu, mwingine ninunue habu inayolingana avike kwenye ringi yangu ya zamani. Kwa mtu wa mzigo ipi bora?

spoku36
Kaka usimpe mtu hela kabla hujapima. Pima kwenye fremu, ndani kwa ndani pale ekseli inapokaa, halafu habu pima kutoka nati ya koni (ile ya nje inayogusa fremu) ya kushoto mpaka ya kulia kwa nje, usipime ncha za ekseli maana hizo zinatokeza tu. Tupe namba zote mbili.

mtu_wa_nzuguni
Fremu milimita 130, habu 135.

fundi_kikuyu
Basi hiyo ni kawaida. Mountain za zamani nyingi zilikuwa 130, zilizokuja baadaye 135, ndo maana nati za koni haziingii kwenye fremu. Kama fremu ni ya chuma tofauti ya milimita 5 haihitaji jeki wala kuchomelea, unavuta kwa mikono kila upande milimita mbili na nusu, gurudumu linaingia, unakaza nati, kazi imeisha. Lakini weka sumaku kwanza! Isiposhika hiyo ni alumini, na alumini usiipanue hata kidogo, inapasuka siku una mzigo mgongoni.

mwana_mpwapwa
Mimi siungi mkono kuvuta vuta fremu ya mzigo. Ukiipanua sana ile midomo ya fremu inayoshika ekseli haiangaliani tena, ekseli inapinda na mwisho inakatika, hasa habu za friwili (gia zinafungwa juu ya habu kwa nyuzi) maana gololi za upande wa mnyororo ziko mbali na fremu, ekseli inabaki imening'inia. Bora atoe washa.

fundi_kikuyu
Kaka nakubali kwa zile za kutoka 110 mpaka 135, hapo midomo lazima inyooshwe upya. Kwa milimita 5 mdomo hauendi popote. Na hiyo ya kutoa washa mnaiona rahisi, ila washa inayoweza kutoka ni ya kushoto tu kwa sababu kulia ukitoa mnyororo kwenye gia ndogo unakwaruza fremu. Ukishatoa kushoto ringi haiko katikati tena, lazima ulegeze spoku za kushoto ukaze za kulia, na spoku za kushoto zikilegea sana kwenye mzigo ndo zinaanza kukatika. Kwa madumu mimi sifanyi.

spoku36
Mnabishana bila kujua kosa liko wapi, kuegemea kushoto na upana ni vitu viwili tofauti. Mtu_wa_nzuguni toa mnyororo, geuza gurudumu, upande wa gia uje kushoto, livike tena. Tairi likiendelea kuegemea kushoto, fremu imepinda. Likihamia kulia, fremu iko sawa, ringi ndo haijawekwa katikati ya habu.

mama_wa_chamwino
Wadogo zangu ongezeni hili, angalia pia tairi imeandikwa 26 ngapi. Ile ya mountain (kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa milimita 559) na ile ya Kijapani ya 26 x 1 3/8 (milimita 590) zote watu wanaita ishirini na sita, ila breki zinakuja kugusa tairi badala ya ringi. Huku tulihangaika na hiyo muda mrefu sana.

mtu_wa_nzuguni
Asante dada, zangu ni 559 zote. Nimegeuza, tairi limehamia kulia! Sumaku inashika vizuri.

spoku36
Basi fremu haijapinda. Rudisha gurudumu lilivyokuwa, vuta fremu kwa mikono, likae mpaka mwisho wa mdomo pande zote. Kaza spoku za kulia robo mzunguko, legeza za kushoto robo mzunguko, zungusha duara zima halafu angalia, rudia mpaka ringi ikae katikati. Ukisikia spoku inalia kavu weka oili kwenye nipo (kinati cha spoku pale kwenye ringi), usilazimishe.

fundi_kikuyu
Na siku utakayobadili habu tafuta ya kaseti (friwili yake iko ndani ya habu yenyewe), usichukue ya friwili. Gololi ya kulia inakaa karibu na fremu kwa hiyo ekseli inastahimili gunia. Upana chukua 135 hiyo hiyo ukishazoea kuvuta.

mtu_wa_nzuguni
Nimewaelewa wakuu. Kesho asubuhi naanza na spoku, jeki hapana. Nikikwama nitapiga picha niiweke hapa.