Vipima gesi bila mtungi wa majaribio: nani anaandika zabuni za vikosi vya zimamoto?

Jamani, kipima gesi kisichokuja na mtungi wa gesi ya majaribio, regyuleta na kofia ya kufunika sensa hakimlindi mzima moto yeyote. Kinawaka, kinaandika 0, watu wanaingia. Halafu kwenye ripoti tunaambiwa vikosi vimepewa vifaa!

Sensa (kihisi) ya gesi zinazolipuka ndiyo ya kuogopwa zaidi. Ikivuta mvuke wa silikoni hufa kimyakimya. Na silikoni imo kwenye ile dawa ya kung'arisha dashibodi: mtu anapuliza ndani ya kebini ya gari, kipima kiko palepale kwenye chaji. Kesho kioo kinaandika 0, hewa iwe safi au chumba kimejaa gesi ya kupikia. Dawa yake ni jaribio la kila siku kabla ya kazi: kivike kipima kofia yake, fungua regyuleta, ngoja sekunde 30, namba zipande na king'ora kilie. Regyuleta ya nusu lita kwa dakika inakula robo lita kwa jaribio moja, kwa hiyo mtungi wa lita 58 unatoa majaribio zaidi ya 200. Gharama hiyo ndiyo inayokwepwa?

Sensa za oksijeni na kaboni monoksaidi nazo huzeeka zikiwa stoo, kwa kawaida miaka 2 hadi 3, na stoo ya mabati kwa joto la Mombasa haizisaidii. Zabuni isiyotaja sensa za akiba inanunua vyuma.

Mafunzo ndiyo usiseme. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Kwenye vyumba vya Majengo au Kongowea inalala sakafuni na kuingia mitaroni, mtu naye anapima usawa wa kifua! Mvuke wa petroli pale Shimanzi ni vivyo hivyo. Shusha mpira wa kuvutia hewa hadi chini, usubiri namba itulie. Tena kipima kilichorekebishwa kwa methani husoma gesi ya kupikia pungufu, pengine karibu nusu ya kiasi halisi. Kikilia kwenye asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka (kiasi kidogo kabisa cha gesi hewani kinachoweza kushika moto), tokeni.

Oksijeni je? Hewa safi ni asilimia 20.9 na king'ora hulia 19.5. Lakini ikishuka hadi 19.9 tu, karibu asilimia 5 ya hewa imeshasukumwa na kitu kingine. Kitu gani? Kiongozi asiyejiuliza hivyo anawapeleka vijana gizani.

Moto ukishazimwa ndipo barakoa zinavuliwa, watu wanageuza magodoro na kubomoa dari. Godoro la sponji linalofuka linatoa kaboni monoksaidi pamoja na sianidi ya haidrojeni, gesi nyingine ya sumu. Kipima cha kawaida cha gesi 4 hakina sensa ya sianidi! Kwa hiyo kaboni monoksaidi ikisoma chini ya sehemu 35 kwa milioni ya hewa, bado si ruhusa ya kuvua.

Tunataka zabuni iandike: sensa ya sianidi, pampu na mpira wake, mitungi ya majaribio yenye tarehe ya mbali, sensa za akiba, na daftari la majaribio linalosainiwa kila zamu. Mwenye nakala ya zabuni yoyote ya karibuni aibandike hapa tuikague mstari kwa mstari.