Tupeane uzoefu: waliojifunza kuchora sura kwa rangi za mafuta kwa kunakili picha za wale wachoraji wakubwa wa zamani

Wakuu, mimi nipo na yule Msichana Mwenye Hereni ya Lulu, picha ya Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, ya mwaka 1665 hivi, ile iko jumba la makumbusho la Mauritshuis kule The Hague. Nimepiga mkono wa kwanza kwa kahawia tupu, mwanga na kivuli basi, ukakauka ndo nikaingia kwenye ngozi. Kilichonishangaza ni pua aisee. Upande wa mwanga hakuna mstari kabisa kati ya pua na shavu, rangi inapita tu moja kwa moja, ila ukirudi nyuma kidogo pua unaiona hiyo hapo imesimama. Hilo huwezi kulielewa kwa kuangalia tu mpaka brashi yako ipite hapo hapo. Nyie mlinakili nini na kilikufundisheni nini?

---

Mkuu subiri ufike kwenye lulu. Haina hata kindoano cha kushika sikio, ni doa zito jeupe juu na mwanga hafifu chini unaotoka kwenye kola, macho yako ndo yanamalizia. Halafu hiyo nyuma nyeusi, uchunguzi ulioanza 2018 ulionyesha ilikuwa pazia la kijani, rangi imefifia na miaka. Mimi nilipiga nyeusi, ikakauka, nikapitisha kijani chepesi juu yake, na uso ukachangamka vibaya mno.

---

Kwangu ni Rembrandt, naye mchoraji wa Uholanzi, zile picha alizojichora uzeeni. Kwenye kivuli rangi nyembamba, kwenye mwanga rangi nene, paji la uso unaweza kulipapasa. Ila zingatieni mafuta: mikono ya rangi ya chini iwe na mafuta kidogo, ya juu ndo uongeze, ukigeuza ya juu inakauka mapema wakati ya chini bado inacheza, mwishowe inapasuka.

---

Kunakili sio wizi jamani, Louvre kwenyewe, lile jumba la makumbusho la Paris, wanaruhusu watu waweke kanvasi mbele ya picha wanakili, sharti isilingane ukubwa na ya asili. Mimi picha ninayonakili naigeuza juu chini, ubongo unaacha kusema hili jicho, unabaki na maumbo tu.

---

Hapo kwenye kugeuza mkuu, ni tangu kuchora au ukifika kwenye rangi?

---

Tangu kuchora. Kwenye rangi naiweka wima, ila jicho likinisumbua nageuza zote mbili, ya kwangu na ile ninayonakili, tofauti inajitokeza yenyewe.