Kerber alishindaje Grand Slam 3 na sevu ile?

Mpenda_Nyasi
Wakuu, sevu (mpira wa kuanzisha pointi) ya mchezaji tenisi Mjerumani Angelique Kerber, hasa ya pili, inayopigwa ya kwanza ikikosa, ilikuwa laini mno kwa mchezaji wa kiwango chake. Lakini kwenye Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa zaidi ya tenisi, alibeba Australian Open na US Open mwaka 2016, Wimbledon 2018, na akakaa namba moja duniani wiki 34. Nguvu yake ilikuwa wapi? Na ile mipira aliyoipiga akiwa amechuchumaa, mtu wa klabu anaweza kuiiga?

Mstari_wa_Nyuma
Tazama makosa ya kujitakia. Fainali ya Australian Open kule Melbourne 2016 (6-4, 3-6, 6-4), Serena Williams alifanya 46, Kerber 13. Wimbledon 2018 alimshinda tena 6-3, 6-3 akiwa na makosa 5 tu mechi nzima! Mpinzani akiona kila mpira unarudi, analenga karibu zaidi na mistari, na hapo ndipo anapokosa.

Ila msimwite mlinzi tu. Fohendi yake (pigo la upande wa mkono wa raketi) ya kunyoosha sambamba na mstari ilimaliza pointi nyingi. Na sevu hiyo hiyo, akiipiga kwa mkono wa kushoto kutoka upande wa kushoto wa uwanja, ilipinda ikamvuta mpinzani wa mkono wa kulia nje kabisa kwenye bekihendi (pigo la upande wa pili wa mwili).

Goti_Chini
Kuiga inawezekana mkuu, kama magoti ni mazima. Ruka kidogo mpinzani anapopiga, utue miguu ikiwa mipana kuliko mabega. Usirudi nyuma, shusha nyonga mpaka goti la nyuma likaribie ardhi, raketi uivute kifupi, mpira uukute mbele ya mwili.

Wengi wanainama kiuno badala ya kukunja magoti: kichwa cha raketi kinaanguka, mpira unaishia wavuni. Wengine wanavuta raketi ndefu, wanachelewa, mpira unatoka nje. Kwenye bekihendi ya mikono miwili Kerber alikuwa na faida ya ziada: kwa asili anatumia mkono wa kulia, na kwa mchezaji wa kushoto huo ndio mkono wa juu unaosukuma raketi.

Mpenda_Nyasi
Shukrani. Mbona Roland Garros, Grand Slam ya Ufaransa inayochezwa kwenye udongo, ilimshinda?

Mstari_wa_Nyuma
Hakuvuka robo fainali pale. Kwenye udongo mpira unapungua kasi na kudunda juu, wakati yeye alipenda kuupokea chini na kutumia kasi ya mwenzake. Sevu ya pili nayo ilimgharimu: wapinzani waliingia ndani ya mstari na kuishambulia. Mwaka 2017 alishuka hadi nje ya 20 bora. Akaja kocha Wim Fissette, sevu ikawa kati ya mambo waliyoyafanyia kazi, na Wimbledon ikafuata. Ukitaka kumsoma vizuri, anza na raundi ya kwanza ya Melbourne 2016 dhidi ya Misaki Doi. Aliokoa pointi ya mechi (pointi moja tu na angetolewa), na wiki mbili baadaye akanyanyua kombe.