Wiki tatu kwa Hiace ya kulala, Bagamoyo hadi Lushoto: naomba ushauri wa njia, majira na umeme

Mwalimu mstaafu, Bagamoyo

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mimi na mke wangu tumestaafu ualimu, na fedha kidogo tuliyokuwa tumeiweka tumenunulia Hiace ya zamani, ambayo seremala wa hapa Bagamoyo ameitengenezea kitanda, kabati la vyombo na meza ya kukunja. Tunataka kusafiri nayo kwa wiki tatu bila kukodi chumba isipokuwa pale itakapolazimu. Njia niliyoifikiria inatoka hapa kupitia Makurunge, inaingia hifadhi ya wanyama ya Saadani, inatokea Mkwaja na kufuata pwani hadi Pangani na Tanga mjini. Kutoka Tanga tungepanda Amani kupitia Muheza, tumalizie Lushoto, na kurudi nyumbani kwa lami ya Segera na Chalinze.

Nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka 30. Nimewasimulia watoto habari za Abushiri, aliyepambana na Wajerumani akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, ilhali mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga Pangani. Magofu ya Kaole nayajua jiwe kwa jiwe, lakini ya Tongoni nimeyaona vitabuni tu. Ndiyo maana sitaki safari ya kupita mbio.

Nina maswali manne. La kwanza ni mwezi gani unafaa. La pili, je, Hiace inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu inaweza kupita Saadani? La tatu ni mahali pa kulala salama ndani ya gari tukiwa pwani. La nne ndilo linaloninyima usingizi: mke wangu ana kisukari na anatumia insulini, hivyo ni lazima tuwe na friji inayofanya kazi mchana na usiku. Naomba majibu ya watu waliopita njia hizo wenyewe.

Fundi wa magari, Chumbageni, Tanga

Shikamoo Mwalimu. Mimi nitajibu la nne, kwa sababu nimekwisha kufunga umeme katika magari kadhaa ya aina hiyo, na makosa ninayoyaona ni yale yale kila mara.

Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa hutumia takriban wati 45 inapozunguka. Haizunguki muda wote, ila katika joto la pwani uihesabie karibu nusu ya siku, yaani takriban wati-saa 500 kwa saa 24. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo unachoweza kutumia ni wati-saa 600. Maana yake ni kwamba betri moja inakufikisha kesho jioni na si zaidi. Paneli ya wati 150 juu ya paa, ikipata jua zuri la saa tano na ukiondoa kinachopotea kwa joto na waya, itarudisha karibu kile friji ilichokula. Siku ya mawingu hairudishi, na hapo ndipo unahitaji betri ya pili, au uendeshe gari ili alteneta isaidie. Kwa hali ya mama, mimi ningefunga betri mbili bila kujadiliana, na zote zitenganishwe na betri ya kuwashia injini, ili friji isije ikawaacha njiani gari likiwa haliwaki.

Friji iunganishwe moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Usiipitishe kwenye inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kwani inveta yenyewe inakula umeme hata pasipo na kazi. Nunua pia kipimajoto kidogo cha kuweka ndani, kwa sababu insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na adui anayesahauliwa ni baridi. Chupa ikigusa ukuta wa friji ikaganda, imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Ifungeni kwa kitambaa, ikae katikati. Chupa inayotumika kwa kawaida huvumilia joto la chumba kwa wiki kadhaa, lakini siku na kiwango cha joto viko kwenye karatasi ya dawa yenyewe, na daktari wake awaeleze kabla hamjaondoka.

La mwisho kwangu ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo madumu matano ya lita 20 ni kilo 100, na ukiyapandisha kwenye keria gari litayumba kila kona. Maji yakae chini, karibu na ekseli ya nyuma. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata likiwa limebaki majivu, kwa sababu hewa yake haina harufu wala moshi na inaua watu wakiwa usingizini.

Mama wa nyumba ya wageni, Pangani

Shikamoo Mwalimu, na mama nampa pole kwa kuugua. Mimi ni mzaliwa wa huku, na nimefurahi sana kusoma kwamba mnataka kuja kukaa na si kupita. Nitaeleza pwani, maana wageni wengi hupanga safari ya pwani kwa kuhesabu kilomita, na huku kwetu kinachopanga safari ni maji.

Kuna maji ya bamvua na maji mafu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita tatu. Siku hizo bahari hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, ufuo unakuwa mpana, mchanga mgumu unang'aa, na mgeni akiuona anaamini kwamba ameandaliwa uwanja wa kuegesha. Kufika saa kumi alasiri maji yamerudi mpaka kwenye mizizi ya minazi, na saa kumi ya alfajiri yanarudi tena gizani, watu wakiwa wamelala.

Nimeliona hilo kwa macho yangu upande wa Ushongo. Familia moja iliegesha gari saa tano asubuhi, hatua chache tu chini ya mstari wa mwani mkavu, wakaenda kuogelea na kula. Saa nane na nusu wimbi la kwanza lilipita chini ya gari kama mtu anayefagia, likarudi na mchanga wa chini ya tairi la nyuma. Dereva akakanyaga mafuta, tairi likachimba, na kila alipozidi kukanyaga chesisi ilizidi kukaa. Vijana walikuja na makuti na magunia, wakachimbua kwa mikono, wakapunguza upepo wa matairi hadi takriban psi 18, wakasukuma kwa pamoja huku maji yakiwafika magotini. Lilitoka. Hata hivyo, mwenye gari hakuliosha chini kwa maji baridi siku ile, na baadaye chumvi ilimtafunia mabomba ya breki.

Kwa hiyo, Mwalimu, mstari wa mwani mkavu ndio mpaka wenu, na gari libaki juu yake, kwenye ardhi yenye majani, kila siku na kila saa. Kama mnaweza kuchagua, fikeni huku mwezi ukiwa na siku saba hadi tisa, au ishirini na moja hadi ishirini na tatu, ndipo maji huwa mafu, bahari haipandi sana na usiku unakuwa mtulivu.

Kuhusu kulala, pwani ya Ushongo upande wa kusini na Kigombe upande wa Tanga kuna sehemu zinazopokea watu wenye mahema na magari, zenye choo, maji na mlinzi, na kwa mtu mwenye dawa ya kutunza ningeanzia huko. Mkitaka kulala kijijini, msiegeshe kimya kimya usiku. Fikeni kabla ya saa kumi na moja jioni, muulizeni mwenyekiti wa kitongoji, mjitambulishe, na mkubali mahali atakapowaonyesha. Mgeni aliyejitambulisha huku ni mgeni wa kijiji kizima. Asiyejitambulisha analindwa na mlango wake tu. Mama avae khanga anaposhuka kwenda kisimani, na hilo nyinyi watu wa Bagamoyo sina haja ya kuwafundisha.

Kwenye kivuko, kati ya Bweni na mji wa Pangani, shukeni na mpande taratibu kwa gia ya kwanza, maana mteremko wa gati hubadilika maji yakipwa, na Hiace iliyobeba mizigo nyuma hukwaruza tumbo. Mkishavuka, siku moja haitoshi. Mji wenyewe una boma na nyumba kuukuu za kando ya mto, na kuna kisiwa cha Maziwe, hifadhi ya bahari tangu 1975, ambacho zamani kilikuwa na miti na sasa ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Nahodha ndiye anayejua saa ya kuondoka huko. Akisema twende, nendeni.

Dereva wa watalii, Muheza

Mwalimu, naongeza machache kuhusu Saadani na milima. Ndani ya Saadani kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukikauka ni mgumu kama sakafu na ukilowa unashika hata gari la magurudumu manne. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usijaribu na Hiace, na wakati wa vuli usijaribu bila kuuliza. Juni mwishoni hadi Septemba ndio wakati wenu. Barabara ya Bagamoyo hadi Pangani imekuwa ikijengwa vipande vipande, basi ulizeni hali yake wiki mnayoondoka, na kama majibu ni mabaya, kateni kutoka lami ya Chalinze pale Mandera mpitie Miono.

Ada ya hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo na si kwa fedha mkononi, kibali ni cha saa 24, na hairuhusiwi kutoka nje ya njia wala kutembea na gari usiku. Kuna mbung'o, nao hupenda sana rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo msivae nguo za rangi hizo. Ningewashauri mwache Hiace penye kivuli nje ya lango, na friji yake ikifanya kazi, mkodi gari la magurudumu manne kwa siku moja tu ya kuwaona viboko wa Wami.

Kutoka Muheza hadi Amani ni vumbi na kona za kupanda, na mvua ikinyesha utelezi wake si wa mchezo. Subirini siku mbili kavu. Mombo hadi Lushoto ni lami ya kilomita 33, inapitika vizuri, lakini wakati wa kushuka tumieni gia ndogo ile ile mliyopandia na breki ziguswe kwa vipindi, kwa sababu breki zilizopata moto zinaweza kukataa kabisa. Na mchukue mablanketi, kwani Lushoto mwezi wa Julai ina baridi ambayo mtu wa Bagamoyo hajawahi kuiona.

Mwalimu mstaafu, Bagamoyo

Marahaba wanangu, na kwako mama wa Pangani nasema ahsante kwa maneno ambayo nimeyasoma mara tatu, kisha nikamsomea mke wangu kwa sauti. Nilikuwa nimepanga kila kituo kwa rula juu ya ramani. Sasa nimechukua kalenda ya mwezi mwandamo na kuanza upya.

Tutaondoka Julai. Saadani tutaiona kwa gari la kukodi, na Hiace itangoja nje. Siku ambazo ningezimalizia barabarani nimezihamishia Pangani, ambako tutakaa siku tano, na Tongoni, ambako nataka kufika asubuhi mapema, jua likiwa bado halijapanda juu ya zile nguzo za makaburi. Kwa sababu hiyo Amani imebaki ya siku mbili tu, na kama mvua itanyesha tutaiacha bila kinyongo. Betri ya pili nimekwisha kuiagiza. Mke wangu anauliza jambo moja: umeme ukishindwa kabisa, je, mtungi wa udongo uliofunikwa kitambaa kibichi unaweza kuisaidia dawa kwa siku moja?

Fundi wa magari, Chumbageni, Tanga

Unasaidia, lakini si kama friji, Mwalimu. Mtungi hupoza kwa maji yanayokauka juu yake, na hewa ya pwani yenye unyevu haikaushi haraka kama ya bara. Uwekeni kivulini penye upepo wa kusi, dawa iwe ndani ya chupa kavu iliyofungwa, kipimajoto kikae pembeni yake, na mfike mjini siku hiyo hiyo. Mkipita Tanga leteni gari nilikague kabla hamjapanda mlima.

Mama wa nyumba ya wageni, Pangani

Na mimi nina friji ya umeme wa gridi, pamoja na jenereta. Mwambie mama aje na chupa zake za akiba, aziache kwangu kwa siku zote tano, gari libaki na ile anayoitumia tu. Mkifika Bweni piga honi mara mbili, kijana wangu atakuwa ng'ambo.