Mötley Crüe ya 1994 bila Vince Neil: kazi yao bora, au haikustahili kubeba jina lile?

Mleta mada

Wakuu naomba hili tulijadili kwa hoja maana kila nikiligusa kwa washkaji linaishia kwenye kelele. Mimi nasema wazi, albamu ya bendi ya roki Mötley Crüe ya 1994, ile waliyoipa jina la bendi yenyewe, ile ambayo kaimba John Corabi badala ya Vince Neil, mwimbaji wao wa siku zote, ndiyo kazi nzito kuliko zote walizowahi kufanya na watu wameitupa kapuni bila hata kuisikiliza mpaka mwisho.

Kwa wasioijua stori. Hawa jamaa wa Los Angeles mwaka 1989 walikuwa juu kabisa na albamu ya Dr. Feelgood, namba moja Marekani, mamilioni ya nakala. Februari 1992 wakaachana na Vince, bendi ikasema kaondoka mwenyewe, yeye akasema kafukuzwa, kila upande na lake. Wakamchukua Corabi kutoka bendi inaitwa The Scream, wakaingia studio na Bob Rock, prodyuza yuleyule wa Dr. Feelgood, ambaye hapo katikati alishatengeneza ile albamu nyeusi ya Metallica, na Machi 1994 mzigo ukatoka. Ukafika namba 7 kwenye chati ya Marekani ya Billboard halafu ukaporomoka. Ikaishia dhahabu tu, yaani laki tano, wakati ile ya nyuma yake ilishakuwa platinamu mara kadhaa. Ziara nayo ikabidi ihamie kumbi ndogo, watu hawakuja.

Sasa mimi naongelea muziki. Corabi alikuja na gitaa lake, kwa hiyo kwa mara ya kwanza Mick Mars, mpiga gitaa wao, ana mtu wa kumshikia ridhimu, na ukivaa hedfoni unasikia kabisa magitaa mawili yanabebana, moja huku moja kule, na drams za Tommy Lee zimerekodiwa kiasi kwamba kile kigoma kikubwa unakisikia kifuani. Mimi niliipata kwenye kanda, kanda imeandikwa kwa kalamu ya mkono majina ya nyimbo nusu yamekosewa, na upande A ulikuwa umechoka pale mwanzo wa Hooligan's Holiday kwa jinsi mwenyewe wa kwanza alivyokuwa anairudisha. Mpaka leo nikiusikia wimbo huo kwenye simu sauti safi kabisa, pale mwanzo nasubiri ile sehemu ivutike.

Naomba hoja.

Mdau wa kwanza

Mkuu mada nzuri ila hapana. Sikatai kwamba wamepiga vizuri. Ninachokataa ni jina. Hata kwenye dansi yetu mwimbaji akihama bendi mashabiki wanahama naye, kwa sababu sauti ndiyo sura ya bendi, gitaa zuri lipo kila mahali. Vince hakuwa mwimbaji hodari, hilo linajulikana, lakini ile sauti yake ya pua, nyembamba, ya mtu wa mtaani anayejisifu, ndiyo iliyofanya Girls, Girls, Girls iwe vile ilivyo. Mtoe Vince unabaki na bendi nyingine. Wangeipa jina lingine hiyo albamu leo tungekuwa tunaisifia wote.

Halafu tuseme ukweli, walikuwa wanaifukuzia Seattle, mji wa grunge, ile roki nzito iliyotawala miaka ile. Sikiliza zile sauti za kupandana, zile rifu nzito za polepole, hizo ni Alice in Chains mtupu, bendi ya hukohuko Seattle. Bendi iliyojulikana kwa nywele za kupuliza na lipstiki inaamka asubuhi imevaa mashati ya drafti, nani ataiamini?

Mleta mada

Kaka hili la kuiga Seattle huwa linaniuma kwa sababu linarudiwa na watu wasioangalia tarehe. Sauti hii haikuzaliwa 1994. Bob Rock alishaanza kuwanenepesha kwenye Dr. Feelgood, ni ile sauti ndiyo iliyowafanya Metallica wamfuate Bob Rock. Na ukirudi nyuma zaidi, Shout at the Devil ya 1983 ni nzito na ina giza, hakuna cha mapenzi mapenzi pale. Mimi naona waliendelea na barabara yao, ila wakakuta mbele imefungwa.

Na imefungwa kweli. Superunknown ya Soundgarden, bendi nyingine ya Seattle, ilitoka wiki moja kabla yao, Machi hiyohiyo, ikaingia moja kwa moja namba moja. Aprili tukampoteza Kurt Cobain wa Nirvana. Sasa katikati ya hapo wewe ni kijana wa miaka 16 Marekani, unaona jina Mötley Crüe dukani, utachukua? Hata usikilize bure hutaki, kaka yako mkubwa ndiye aliyekuwa anaipenda. Hapo kosa ni la sauti ya Corabi?

Mdau wa pili

Jamani mimi nawapita wote kidogo maana sikuingilia mlango wenu. Mimi nilikuwa mtu wa Soundgarden, glamu, ile roki ya nywele na vipodozi, nilikuwa siigusi kabisa, yale mambo ya kuwasifia wanawake kama vile ni magari yalikuwa yananikera na bado yananikera. Halafu mtu akaniwekea Uncle Jack bila kuniambia ni akina nani. Ni wimbo wa hasira kuhusu mtu mzima anayewaharibu watoto, na Corabi anaimba kama mtu anayemjua huyo mtu kwa sura. Nilipoambiwa ni Mötley Crüe sikuamini, nikauliza mara mbili. Bendi iliyokuwa inaimba upuuzi ule imefika hapa?

Kwa hiyo kwangu mimi hoja ya jina inageuka. Vince asingeweza kuuimba ule wimbo. Si kwamba hana sauti, ila hakuna ambaye angemsikiliza akiimba kitu kama kile.

Ila mleta mada na wewe umezidisha. Kazi bora kuliko zote? Ina nyimbo 12 na kama tatu hivi pale kati zinafanana mpaka sijui ipi imeisha ipi imeanza. Poison Apples wameweka ili mashabiki wa zamani wasikasirike na inasikika hivyo. Ingekuwa nyimbo tisa ningekubaliana nawe bila ubishi.

Mdau wa tatu

Mnamsahau Vince mwenyewe. 1993 katoa Exposed, gitaa kapiga Steve Stevens, ni albamu safi ya glamu ya kizamani na yenyewe haikwenda mbali. Kwa hiyo nusu ilibaki na sauti, nusu ikabaki na jina, na zote mbili soko lilizikataa. Wenzao pia yaliwakuta, Def Leppard na Slang ya 1996, Winger na Pull ya 1993, zote kazi nzuri ambazo zilikuta wasikilizaji wameshahama. Mimi naona mnabishana kuhusu Corabi wakati tatizo lilikuwa mwaka.

Mleta mada

Dada nakubali pale kati panachosha, hilo sikatai, Hammered naipita hata mimi. Na hili la mwaka nalikubali nusu. Nusu nyingine nakataa kwa sababu ya 1997. Corabi kaondolewa, Vince karudi, Generation Swine ikatoka na jina kamili na sauti kamili ambayo mdau wa kwanza anaitaka. Tuisikilize basi hiyo. Kuna nyimbo mle zilianza Corabi akiwa bado ndani na unasikia hazimkai Vince, kama nguo ya mtu mwingine. Jina likarudi, muziki ukapotea.

Na kinachoniuma zaidi ni heshima. Filamu yao ya 2019 Corabi anapita kwa sekunde chache tu. Mtu kabeba bendi miaka minne, kaandika, kapiga, kaimba, halafu anapita kama mpita njia. Yeye mwenyewe alikuja kuipiga albamu nzima jukwaani na ikatoka kama albamu ya laivu 2018, sikilizeni ile, watu wanaimba naye maneno yote.

Mdau wa kwanza nakuomba kitu kimoja. Weka Misunderstood, usifanye kazi nyingine, subiri mpaka lile gitaa kavu la mwanzo likabidhi kwa okestra halafu magitaa ya umeme yaingie. Kisha rudi hapa.

Mdau wa kwanza

Nimerudi. Nimeiweka mara mbili, ya pili nimezima taa.

Kuhusu jina sijabadilika, nasema wangeita kitu kingine. Lakini pale magitaa yanapoingia nilikuwa nimesimama na sijui nilisimama saa ngapi. Niwekee na Driftaway basi, nasikia ndiyo ya kufungia.