Sungura wa Angora: hili ni fundo la manyoya au ni uvimbe?

Mama_Limuru: Hamjambo wafugaji. Nina sungura jike wa Angora (wale wa manyoya marefu), mtu mzima, wa kufuga tu, si wa kuchinja (majirani washanicheka vya kutosha). Jana nikimpapasa, vidole vikagota kitu kigumu chini ya taya la kushoto, ukubwa wa harage. Kwapani na nyuma ya masikio manyoya yamesokotana hadi kitana hakipiti. Sukuma wiki anakula, nyasi kavu anaziacha. Mtoto anataka tumwogeshe. Nifanyeje?

MzeeWaBanda: Kwanza mwambie mtoto hakuna kuoga. Manyoya hayo yakilowa hadi ngozini hayakauki upesi, na kwa baridi ya Limuru utampoteza.

Fundo la manyoya huning'inia. Ukilisukuma polepole linacheza. Uvimbe uko ndani ya ngozi au umeshika mfupa. Pulizia kwa mdomo manyoya yagawanyike uone, kisha papasa taya la pili ulinganishe. Na usitishwe na chuchu za tumboni wala ule mkunjo laini chini ya kidevu, majike wanao.

Kusokotana: nyunyizia wanga wa mahindi, ule wa kuongeza uzito wa mchuzi, ulegeze kwa vidole kuanzia nchani. Ukilazimika kukata, pitisha kitana kati ya fundo na ngozi, mkasi ubaki juu ya kitana. Ngozi ya sungura ni nyembamba na huinuka na fundo.

Kijana_wa_Rongai: Hilo ni jipu tu. Chemsha sindano, tumbua, kamua.

MzeeWaBanda: Usithubutu, mama. Usaha wa sungura ni mzito kama dawa ya meno, haukamuliki. Kinachonitia shaka ni hizo nyasi. Meno yake hukua maisha yote. Mzizi ukioza, jipu hutokea tayani, na nyasi ndizo zinazotaka kusagwa sana. Tafuta daktari wa mifugo aliyezoea sungura. Ukipewa amoksilini (dawa ya kuua bakteria) ya kunywa, ikatae: inavuruga tumbo la sungura hadi kumuua. Akigoma kula kabisa au vinyesi vikikatika, usingoje kuche.

Mama_Limuru: Asante mzee wangu. Nimepulizia. Kulia hakuna kitu, cha kushoto hakichezi, na kidevu kimelowa mate. Natafuta kikapu, twende leo hii.

MzeeWaBanda: Mbebe ukimshikilia matako, akipiga teke hewani anaweza kujivunja mgongo. Na nyasi mtilie kikapuni hata kama hazili.